Nilitafuta sahihi 500, nikaletewa blenda

2022 nilijitosa nikasema nagombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na siendi na chama chochote, kura za mchujo nilishaziona zinavyoenda nikachoka. Nikadhani mgombea huru maana yake uko huru. Wapi! Katiba ya Kenya ya 2010 inataka usiwe mwanachama wa chama miezi mitatu kabla ya uchaguzi, hiyo nilikuwa sawa, halafu ulete wapigakura 500 wa wadi hiyo hiyo wanaokuunga mkono. Na alama yako isifanane na ya chama. Mimi nilikuwa nimechagua jogoo, nimeshamchora na mabango nimeulizia bei, mpaka mzee mmoja akaniuliza, "Kwani KANU wamekuuzia jogoo wa chama chao?" Nikahamia kijiko.

Sasa sahihi. 500 ukiitamka ni kitu kidogo sana, barabarani watu wanakuita mheshimiwa mheshimiwa lakini toa karatasi uombe namba ya kitambulisho uone, kila mtu anakumbuka ameacha mboga jikoni. Siku nne nikapata tatu. Tatu!

Binamu yangu akaniambia usijali bro, Jumamosi kuna harusi kubwa, nipe hizo fomu. Jioni akarudi zimejaa zote mpaka kwa pembe, nikamkumbatia nikamuahidi kazi ofisini kwangu, eti ofisini kwangu.

Usiku nikakaa nizikague. Mtu wa kwanza, jina safi, namba ya kitambulisho: 2000. Nikasema huyu amekosea. Wa pili, 500. Wa tatu 1000, na pale pa sahihi ameandika "nitatuma mwisho wa mwezi". Wa nne ameandika "blenda". Mwingine amechora maua akaandika Mungu awabariki mzae mapacha, na hapo ndio nikaanza kutokwa na jasho.

Nikampigia binamu. Kumbe alipofika alizipitisha meza hadi meza wakati ule ule MC anaomba watu waahidi chochote walichonacho, na yeye badala ya kusimama aeleze alikuwa kwa laini ya pilau. Laini ya pili, alikubali mwenyewe.

Walioandika vitambulisho kweli walikuwa 41. Toa 26 wa upande wa bibi harusi ambao wametoka kaunti nyingine kabisa. Nikabaki na 15, na wawili kati ya hao ni binamu.

Siku za kurudisha fomu zikaisha nikiwa bado nazunguka na kijiko changu. Nikazima simu wiki nzima. Nilipoiwasha tu ikalia, mwekahazina wa kamati ya harusi, sauti ya upole sana:

"Mheshimiwa, tumesikia wewe ndio uko na ile listi. Hiyo blenda ulishaipokea?"