Kabla ya Simu, Sijda

Usiku ule tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mimi, mama yangu na watu wengine nisiowajua. Kuanzia saa nne sikuacha dua hata moja ninayoijua. Niliomba kwa Kiarabu, nikaomba kwa Kiswahili, nikaweka na nadhiri juu. Karibu na adhana ya alfajiri muuguzi akatoka: mtoto wa kike, na mama yake mzima. Nikatoa simu. Nikawapigia wakwe, sauti imenipaa, nikarusha habari WhatsApp, pongezi zikaanza kumiminika. Mama akaniacha nimalize, kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, umesujudu?"

Sikuwa nimesujudu.

Kwenye kuomba sisi ni mafundi. Shida ikibisha hodi, swala ya haja tunaikumbuka, na theluthi ya mwisho ya usiku tunajua inaanza saa ngapi. Jambo likishatengemaa, alhamdulillahi tunaisema huku tunavaa viatu. Halafu tunachinja, tunaalika, tunapiga picha, na hayo yote tunayaita shukrani. Sina ugomvi na pilau. Ugomvi wangu ni wa foleni: nani anaambiwa kwanza?

Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alibaki Madina bila udhuru wakati wa safari ya vita ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na Waislamu wakakatazwa kusema naye. Baada ya usiku wa 50, akiwa juu ya paa la nyumba yake ameshaswali alfajiri, akasikia mtu anapaza sauti kutoka mlimani: Ewe Kaab, pokea bishara! Akajua toba yake imekubaliwa, akaanguka kusujudu pale pale. Kumvulia nguo zake aliyemletea habari, kuazima nyingine, kwenda kwa Mtume (s.a.w.), yote hayo yalikuja baada ya paji la uso kugusa chini.

Na Mtume mwenyewe alikuwa akisimama usiku hadi miguu inavimba. Bi Aisha akamuuliza kwa nini ajitese hivyo, ilhali amekwishasamehewa. Jibu lake likawa swali: je, nisiwe mja mwenye kushukuru? Kumbe ile ilikuwa swala ya mtu asiyedai kitu.

Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii, sijda ya shukuru ni ya neema mpya au balaa iliyokuondokea. Unakuwa na udhu, unaelekea kibla, unatia nia na takbira, unasujudu mara moja, unatoa salamu. Hufanywa nje ya swala. Ukiitia ndani, swala imebatilika. Neema za kila siku, kama pumzi na macho, hazina sijda yake, maana tusingeinuka. Hizo zinalipiwa na swala zenyewe: rakaa 17 za faradhi kwa siku, na katika kila moja Alhamdulillahi Rabbil-alamina. Mimi nilikuwa nikiipita mbio, kama mtu anayesoma anwani ya barua.

Kuna jambo moja wanazuoni wetu wamelisema ambalo usiku ule sikulijua. Ukimwona mtu aliyepatwa na balaa ukataka kushukuru kwa kusalimika nayo, sijda yako ifiche, asije akavunjika moyo. Sasa najua kwa nini mama aliuliza kwa sauti ya chini. Pembeni yake alikaa bwana mmoja aliyepewa habari yake tangu saa nane, na haikuwa kama yangu. Na mimi nilikuwa nikipiga kelele kwenye simu hatua mbili kutoka kwake.

Nikaenda bombani nikatia udhu. Nyuma ya jengo, nikatandika kanga ya mama kwenye saruji. Niliporudi, yule bwana alikuwa bado ameinama, na mama anammiminia chai kutoka kwenye chupa yetu.