Kifaa cha maisha yote, majaribio ya miaka miwili

Novemba 2002 Marekani iliidhinisha Essure, springi ndogo ya nikeli na titani yenye nyuzi za poliesta, kwa ajili ya kufunga kizazi. Daktari aliipitisha kwenye mlango wa kizazi hadi ndani ya mirija ya uzazi, bila kupasua tumbo. Kazi ya nyuzi zile ilikuwa kuuchokoza mwili: tishu zivimbe, kovu liote, mrija uzibe.

Naelewa kwa nini wengi waliipokea kwa furaha. Mama mwenye watoto wadogo hana nafasi ya kulala akiuguza mshono. Ninachopinga ni kwamba kifaa cha kukaa mwilini hadi kufa kilipewa kibali kwa majaribio ya wanawake wasiofika elfu moja, waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja au miwili hivi.

Malalamiko yakaanza: maumivu ya nyonga, damu isiyokatika, springi iliyotoboa mrija au kuhama. Wanawake waliorudi kliniki na kuambiwa ni mawazo tu walikutana Facebook, wakawa maelfu kwa maelfu. Oktoba 2015 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa New York. Ndani ya mwaka wa kwanza, wanawake 2.4 kati ya 100 waliowekewa Essure walirudishwa kufanyiwa upasuaji, wakati kwa waliofungwa kwa njia ya matundu madogo tumboni walikuwa 0.2. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliagiza onyo lake kali kuliko yote, na mwisho wa 2018 Bayer, kampuni iliyokimiliki kifaa hicho, ikaacha kukiuza Marekani. Mwaka 2020 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa takribani dola bilioni 1.6 kumaliza sehemu kubwa ya madai yapatayo 39,000.

Linaloniuma zaidi ni habari ya kukitoa. Kovu likishashika, springi haivutwi ikatoka. Wapo waliokatwa mirija yote miwili, na wapo walioondolewa kizazi kizima, kwa sababu ya kifaa walichokichagua ili wakwepe kisu.

Sasa inakuja njia nyingine ya kufunga kizazi bila kupasua, FemBloc ya kampuni ya Femasys, iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2025. Hii ni polima ya majimaji inayoingizwa kwenye mirija, inaganda, kisha inasagika taratibu na kuacha kovu. Kutobaki na chuma mwilini ni hatua kubwa, na natamani kwa moyo wote ifanikiwe. Lakini kovu ndilo lenye kazi ya kuzuia mimba, na uimara wa kovu hujulikana kwa miaka.

Kufuatilia muda mrefu kunawezekana. Utafiti wa CREST wa Marekani uliandikisha wanawake 10,685 waliofungwa kizazi, wengine wakafuatiliwa hadi miaka 14. Matokeo yake ya mwaka 1996 yalionyesha kuwa ndani ya miaka 10 wapatao 18 kati ya 1,000 walishika mimba, wengi kuliko madaktari walivyodhani, na hao walifungwa kwa upasuaji uliokuwa umezoeleka.

Kwa hiyo kila kifaa kipya kiwe na daftari la taifa: nani kawekewa, lini, kipi, na analalamika nini, kwa miaka 10 bila kukatisha. Na kabla mwanamke hajatia sahihi, aelezwe kwa lugha anayoielewa: kikileta shida kitatolewaje, na gharama atabeba nani?