Jasho la Kuchangia

Tangu jamaa yetu arudi masomoni Norwei, hatupumui. Kila tukikaa kijiweni hapa Nkuhungu, Dodoma, anatoa simu: eti oneni, Oslo kuna vibanda vya mbao vinaelea majini, wanaviita sauna, bomba la moshi juu, ndani watu wamebanana wanatoka jasho. Wakizidiwa wanafungua mlango, wanajitupa kwenye maji ya baridi, wanatoka wanatetemeka meno, halafu wanarudi ndani kupikwa upya. Na wanalipia!

Sasa anataka na sisi tuwe nacho chetu, kielee Bwawa la Mtera. Kundi la WhatsApp la michango limeshafunguliwa. Mimi sendofu ya binti wa jirani sijamaliza kuilipia, leo nichangie jasho? Tena Mtera hiyo hiyo yenye viboko na mamba? Mnorwei akiruka majini anakutana na baridi. Wewe ruka Mtera, utakutana na mwenye nyumba.

Na jasho lenyewe nilifuate kote huko kwa lipi? Njoo kwangu mwezi wa kumi, saa nane mchana: bati juu, dari hakuna, umeme umekatika, feni imenuna. Ukitaka ya kukaa na wenzako, panda daladala ya Sabasaba, mbanane wanne siti ya watatu, na mama wa dirishani hataki lifunguliwe kwa sababu ya vumbi. Baridi nayo ipo, usijali. Subiri Julai alfajiri, gesi imeisha, upepo wa Dodoma unapita chini ya mlango, ndoo ya maji imelala nje. Jimwagie kata ya kwanza mgongoni uone kama hutamwita marehemu bibi yako. Mimi naoga hivyo miaka yote, hakuna aliyewahi kunipiga picha.

Jamaa anasema huo ni utamaduni wa watu, hata UNESCO waliuingiza ule wa sauna ya Ufini kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2020. Sawa, hongera zao. Lakini joto lao ni nyuzi 80 mpaka 100, na kwa desturi wanaingia walivyozaliwa. Nikamuuliza, hata na baba mkwe? Akasema hata na baba mkwe. Nikaomba tubadilishe mazungumzo.

Jumamosi akatuita kwake kwa majaribio, kwenye stoo ya mabati. Namshukuru hakuingiza jiko la mkaa, maana hewa yake kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wamekaa. Mawe yalichomwa nje, yakaletwa ndani na koleo. Ila yaliokotwa wapi? Korongoni! Jiwe la korongoni limekunywa maji, ukilichoma linaweza kupasuka. Lilipomwagiwa kata ya kwanza likalia pwaa, na yule fundi ujenzi wetu akatoka na bati la ukuta.

Tuliobaki tukavumilia. Mvuke unapanda, jasho linaingia machoni, aliyekula maharage mchana akajulikana. Bado tunaambiwa tuvute pumzi ndefu.

Nje kulikuwa na pipa la kuzamia, limejaa mpaka shingoni. Maji ya madumu hayo, ya kununua kwa muuza mkokoteni, kwa sababu ya bomba huku kwetu yanakuja usiku wa manane, tena yakijisikia. Jamaa akatoka mbio, akatumbukia, akapiga ukelele wa Kinorwei. Tukapiga makofi.

Shemeji akatokea jikoni na ndoo. Hakutusalimia. Akalitazama pipa, akamtazama mumewe, akaanza kuchota. Ndoo ya kwanza ikaenda jikoni, ya pili ikaenda kwenye nguo za mtoto. Maji yakashuka kifuani, yakashuka kiunoni, jamaa kajikunyata, anaomba angalau apishwe atoke.

"Kaa hapo hapo baba watoto, ukitoka utayamwaga."