Homa ikipanda mwili unaficha chuma makusudi

Juzi dada yangu kanitumia picha ya majibu ya mwanae wa miaka miwili, homa siku ya tano, daktari kaandika taifodi, pembeni wingi wa damu 9.1, na chini ya picha kauliza: mbona kapewa dawa za taifodi tu, ya kuongeza damu kaambiwa asubiri, huyu daktari yuko siriasi kweli? Swali la haki kabisa. Huku kwetu damu ikipungua kila mtu anakuja na chake, huyu rozela, yule juisi ya bitiruti, mwingine sirapu ya duka la dawa, na yule anayesema subiri kwanza anaonekana hajali mtoto. Mi naona huyo ndo hajaeleweka.

Dawa ya kuongeza damu ni chuma. Chuma tunakihitaji sisi, na wadudu nao wanakihitaji vilevile. Sasa bakteria wa taifodi na wa TB wana tabia moja mbaya, wanaingia ndani ya makrofeji, yaani zile seli zinazomeza wadudu, wanakaa humohumo kwenye kifuko walichomezwa nacho na hawafi. Seli inafanyaje na mgeni kama huyo? Inamnyima chakula. Kwenye ukuta wa kile kifuko kuna pampu inaitwa NRAMP1, inavuta chuma na manganizi kuvitoa nje ya kifuko ili mdudu abaki hana kitu. Jeni ya pampu hii ilipatikana Montreal mwaka 1993, na kilichoonekana ni kwamba panya wa maabara wanaozidiwa haraka na salmonela, jamii ya bakteria wa taifodi, wametofautiana na wale wanaohimili kwa amino asidi moja tu kwenye pampu hiyo. Moja! Halafu seli iliyoamshwa vizuri inafungua na mlango wa nje, feropotini, chuma kitoke kabisa. Mdudu naye hakai kimya, wa TB anatengeneza kitu kinaitwa maikobaktini cha kunyakua chuma kutoka kwenye protini za mwenyeji wake. Ni kugombea sahani ndani ya seli moja ambayo kwa macho huioni.

Ila tuseme ukweli, mpango huu una tobo. Homa ikija ini linamwaga homoni inaitwa hepsidini, na hepsidini inaondoa ule mlango wa feropotini. Kwa wadudu wanaoelea kwenye damu hiyo ni safi sana, damu inakaukiwa chuma. Lakini chuma hakijapotea, kimebaki ndani ya makrofeji, na kama mdudu ni wa kuishi humo ndani basi kawekewa ghala jirani. Ndo maana sikubaliani na wanaosema mwili unajua kila kitu tuuache.

Sasa namba ambayo haijanitoka kichwani toka niisome. Mwaka 1978 Murray na wenzake walichapisha utafiti wa wafugaji wa kuhamahama wa Kisomali 137, wote wana upungufu wa chuma, wengine wakapewa chuma wengine vidonge hewa, yaani visivyo na dawa ndani. Kundi zima la vidonge hewa lilipata maambukizi mara 7. Kundi zima la chuma, mara 36. Saba kwa thelathini na sita, na humo ndani kuna malaria, brusela na TB zilizokuwepo mwilini toka mwanzo zimelala zikaamka. Utasema watu 137 ni wachache, sawa, nakubali. Basi nenda Pemba, watoto zaidi ya 24,000, matokeo yakatoka 2006: waliopewa chuma na foliki asidi kila siku walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa au kufa, na sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya muda. Hao ni watoto wetu, waliopewa dozi ndogo tu kwa nia njema.

Upande wa pili nao una hoja nzito na siwezi kuuruka. Upungufu wa chuma unaharibu ukuaji wa ubongo wa mtoto, na hata hizo seli za kinga zenyewe zinahitaji chuma kufanya kazi. Palepale Pemba, kwenye kikundi kidogo ambacho watoto walipimwa na kutibiwa malaria, wale wenye upungufu wa kweli walinufaika na chuma. Ndo maana WHO mpaka leo inashauri chuma kwa watoto wadogo sehemu zenye anemia (upungufu wa damu) nyingi, ila penye malaria iende pamoja na kinga, vipimo na matibabu yake. Na damu ikishuka sana hiyo ni dharura, hospitali haraka, hakuna cha kusubiri.

Kwa hiyo nikamjibu dada: mtoto akiwa na homa, hiyo 9.1 haikuambii kama chuma kimeisha au kimefichwa, kote kote kinaonekana kidogo kwenye damu. Hata feritini ambayo ndo inapima akiba, homa inaipandisha, unaweza kudhani akiba imejaa. Na chuma cha mdomoni wakati hepsidini iko juu hakiingii vizuri, kingi kinabaki utumboni, na utumboni ndo salmonela alipopitia kuingia. Daktari kampangia arudi wiki mbili baada ya dozi kuisha apimwe upya, kama bado iko chini anaanzishiwa sirapu.

Kanijibu sawa, ila rozela anampa.

Nikamwambia mpe, mtoto anahitaji maji.