Farasi Nimemtoa Mimi, Simu Inahusikaje?

Jamani, kuna watoto wa watu wanatakiwa kunyang'anywa simu. Sisemi moja kwa moja. Wakifika kijiweni waziache kwa muuza kahawa, wakiondoka wazichukue, salama usalimini. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha kahawa ambacho kimepoa mkononi kwa hasira.

Kijiwe chetu mnakijua. Zamani ilikuwa drafti na bao, siku hizi chesi nayo imeingia na imekaribishwa vizuri tu. Lakini chesi ya kijiweni ina taratibu zake. Ukila kete ya mtu unaigonga ubaoni mpaka wapita njia wageuke. Ukimpiga mwenzako cheki, unatamka kwa sauti, halafu unamuuliza habari za nyumbani. Mtazamaji ana haki ya kuguna, kucheka, na kusema "mimi ningekuwa wewe ningeshaenda kulala". Ngome moja ya weusi ilipotea, mahali pake kuna kizibo cha soda, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuuliza kile kizibo kinatembeaje.

Basi leo asubuhi nimekaa na mzee mmoja mstaafu tunayemwita Mzee wa Reli. Ukicheza naye huyu uje na subira. Kila hatua anavua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa, anauliza zamu ya nani. Mimi nina nyeupe. Nimejipanga, nimemchokonoa mfalme wake taratibu, na wakati ulipofika nikamtoa farasi sadaka. Pwaa! Katikati ya askari wake wawili. Mle mkitaka.

Kijiwe kizima: "Eeeeeh!" Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akainua mguu kwenye pedeli. Mzee wa Reli akavua miwani, na safari hii hakuifuta. Akaishika tu. Mtu akishaishika miwani bila kuifuta, huyo kwisha habari yake, mimi nawajua wazee.

Sasa kumbe kuna dogo mmoja wa chuo kakaa juu ya ndoo, kimya, tangu mwanzo anazipanga kete zetu kwenye simu yake, moja moja, mpaka kile kizibo kakiweka. Akasonya.

"Anko, hiyo blanda."

"Hiyo nini?"

"Blanda. Kosa kubwa. Injini inakupa hasi 2.4."

Inanipa? Niliiomba? Yaani kwa hesabu za hiyo injini, programu ya chesi ya kwenye simu, Mzee wa Reli yuko mbele yangu kwa zaidi ya askari wawili. Mzee ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa hajui zamu ni ya nani!

Na mzee naye, miwani ikarudi usoni. "Hasi ngapi, mjukuu wangu?"

"Mbili nukta nne, babu."

"Zangu au zake?"

"Zake."

"Alhamdulillahi." Akaagiza kahawa ya pili na kashata.

Mnaona? Mtu alikuwa anaaga dunia, kafufuliwa na simu iliyopasuka kioo. Na si yeye tu. Watazamaji wote wakahama, wakaenda kuizunguka ile ndoo. Ubao ukabaki na mimi. Muuza kahawa, ambaye tunaheshimiana, akatua birika pembeni ya malkia wangu, maana ubao ulikuwa hauna kazi tena.

Nikakohoa kikubwa. Nikasema, kijana, kwa heshima zote, hiyo injini yako inahesabu kwamba huyu mzee atajibu hatua sahihi leo, kesho, mpaka mwisho. Inamjua? Imewahi kumwona huyu ikifika saa sita na njaa inauma? Mwaka 2006 kule Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, alikuwa anacheza na programu ya Deep Fritz. Akasogeza malkia wake kwa raha zake, akasimama, akachukua kikombe chake anataka kuondoka. Mashine ikashusha malkia mraba wa h7, mfalme hana pa kukimbilia. Mati. Bingwa wa dunia aliachia mati ya hatua 1! Sasa kama Kramnik hakuona ya hatua 1, unataka kuniambia Mzee wa Reli ataona ya hatua 11?

"Nitaona," akasema Mzee wa Reli. "Mjukuu, nianze na ipi?"

Dogo akasema hawezi kumwambia, si haki. Lakini macho yake yalikuwa yanaitazama ngome ile ya kizibo mpaka nikamwambia ayafumbe.

Halafu akasema, "Subirini, bado inachimba." Inachimba nini, maji? Kumbe hizi injini zinakwenda kwa kina, yaani zinahesabu hatua ngapi mbele. Ikifika kina cha 22 inasema hivi, ikizama zaidi inabadili maneno. Watu wazima, wenye familia, wakawa wanasoma namba kwa pamoja. Kina cha 25, hasi 1.9. "Anapanda!" Kina cha 27, hasi 1.1. "Anapanda huyo!" Nani anapanda? Mimi nimekaa pale pale, sijagusa kete, mguu umekufa ganzi. Kina cha 31, dogo akaruka kutoka kwenye ndoo.

"Sifuri! Sifuri kavu! Anko ana cheki za malkia za kujirudia bila mwisho, babu hachomoki wala hafungwi."

"Sareeee!"

Wakashangilia. Mzee wa Reli akanyoosha mkono: "Mchezo mzuri, kijana." Mchezo gani? Hatua hizo zote kazicheza nani? Nikasema jamani ngojeni, bado nina nia ya kushinda, huyu mzee nilikuwa naye! Wapi. Kete zinaingizwa kwenye boksi, kizibo kimeshawekwa mfukoni, wawili wengine wameshakaa. Nimetoka sare mchezo ambao sikuucheza. Na kuhusu lile neno "blanda", kutoka hasi 2.4 mpaka sifuri, hakuna aliyeniomba radhi. Hata pole.

Nikamkalisha dogo chini. Nikamwambia, mwaka 1997, New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, alicheza na Deep Blue, ile mashine ya IBM iliyokuwa inapiga hesabu za hali za ubao milioni 200 kwa sekunde. Mwaka mmoja nyuma yake, Philadelphia, alikuwa ameifunga 4 kwa 2. Safari hii, mchezo wa pili, ikambana, akaona hapa sina changu, akajiuzulu. Baadaye wachambuzi wakasema kwamba alikuwa na njia ya kupata sare, kwa cheki za kujirudia, hizi hizi! Kaiamini mashine kuliko macho yake, na mwisho wa yote kapoteza 3.5 kwa 2.5. Ndiyo mnayotaka kutufanyia hapa?

Dogo kanisikiliza vizuri, ana adabu, siwezi kumsingizia. Akasema, "Shikamoo anko, lakini hiyo Deep Blue simu yangu hii inaifunga." Akaeleza kwamba Magnus Carlsen, binadamu aliyefika juu kuliko wote, kilele chake kilikuwa pointi 2882 za ubora, mwaka 2014. Hii injini ya Stockfish iliyomo kwenye simu yake wanaipigia mahesabu ya kupita 3500. Na ni ya bure, yeyote anapakua.

Bure! Hapo ndipo iliponiuma. Kitu gani kingine ni cha bure mtaani kwetu? Stendi kujisaidia tu unalipia, na maji unaleta mwenyewe. Lakini cha kuja kunivunjia heshima mbele ya wazee, hicho kinagawiwa bure.

Kinyozi naye ndiye wa kumwogopa zaidi, maana anaangalia michezo ya hizo mashine na wembe ameshaniwekea shingoni. Ule mstari mweupe unaoonyesha nani yuko mbele ukishuka ghafla, na mkono unashuka.

Nyumbani nako hakuna amani. Mpwa wangu halali. Usiku wa manane nasikia kutoka chumbani kwake, "Leela! Leela mama, usiniangushe!" Shangazi yake akafurahi, kijana hatimaye kapata mchumba, akaanza kuuliza habari za kwao. Tunachungulia, yuko peke yake na kava la mto, anatazama kompyuta mbili zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Hakuna mtu! Leela ni injini, Stockfish ni injini, na kuna watu dunia nzima wamekesha wanashabikia. Mpwa anasema zamani walikuwa wanatoka sare mno, kila mmoja hakosei, basi waandaaji wakaamua kuwapangia mianzo mibovu, mmoja akianza akiwa tayari yuko pabaya, kisha wanabadilishana rangi. Yaani wanagombanishwa kwa makusudi. Na mimi ndiye nanunua bando.

Ukitaka kumpoteza huyu kijana jioni nzima, mtajie AlphaZero. Ile programu ya kampuni ya DeepMind, London, mwaka 2017. Wanasema ilipewa sheria za mchezo tu, hakuna kitabu, hakuna mwalimu, ikacheza yenyewe na yenyewe kwa muda wa saa 4 ikawa imempita Stockfish. Michezo 100 ya kwanza waliyokutana, ikashinda 28, sare 72, haikufungwa hata mmoja. Mwanangu wa kuzaa yuko tuisheni ya hesabu tangu darasa la tatu, kitabu anacho, mwalimu anaye, ada nimelipa.

Lakini usiseme hivyo mbele ya rafiki yake mmoja anayekuja kulala hapa wikiendi, yeye ni wa Stockfish. Atakwambia mtu wake alibanwa, kapewa dakika 1 kila hatua, hakuruhusiwa kupanga muda wake. Wanazozana mpaka ugali unapoa, wameshupaa kama Simba na Yanga, na timu zenyewe hazina hata miguu. Nikawaambia nendeni mkaziulize. Wakasema wameshaziuliza.

Juzi mpwa kaniletea jipya. Eti zikibaki ubaoni kete saba, wafalme humo humo, kompyuta zimeshamaliza kila kitu, hakuna tena cha kufikiri. Na kuna hali moja mwenye malkia na askari anashinda, ila mati inakuja kwa hatua 549. Anaihadithia kwa machozi ya furaha. Nikamuuliza, si kuna sheria ya hatua 50 bila kula kete wala kusogeza askari, mwenzako anadai sare? Akasema ipo. Sasa hizo 549 mtazichezea wapi, mbinguni? Akaniambia, "Mjomba, wewe huoni uzuri." Naona uzuri. Nilikuwa nao leo asubuhi, nilimtoa farasi, mkauweka kwenye simu ukarudi sifuri.

Na usifikiri ni vijana peke yao. Mzee wa Reli mchana huu huu kapita hapa kwangu, kavaa kanzu, ananiuliza simu ya namna ile inauzwaje na kama inaweza kusoma maandishi makubwa. Nikamwambia mzee wangu, pensheni hiyo nunua miwani. Akacheka. Akaniambia ile miwani haina tatizo, huwa anaifuta ili nikasirike.

Nimebaki nimeduwaa. Miaka yote hiyo!

Halafu watu hao hao, wenye pesa ya bando, wenye simu za kuchimba kina cha 31, lile benchi la kijiweni wanaliona. Mguu wa kushoto umechomoka tangu masika, tumeweka tofali, ukiinuka bila kutoa taarifa mwenzako anaanguka na kahawa. Fundi seremala anashinda pale pale, analikalia lile lile, ukimwambia anasema kesho analeta msumari. Msumari mmoja! Na leo kamnyooshea dogo kidole anamwambia mstari wa simu umepinda.