Mbwa mzee naye anadai kiinua mgongo chake

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja nyumbani asubuhi, akamkuta Tomi kajinyoosha pale mlangoni kwenye kajua, akapiga hodi, Tomi akanyanyua kichwa, akamwangalia, akakirudisha chini. Shemeji akasema, "Shem, huyu si mumpumzishe tu mlete kengine kadogo, keshachoka huyu, mbwa gani mtu anafika mpaka mlangoni habweki." Nikamkaribisha chai, sikujibu kitu, ila ile kauli imenikaa kichwani mpaka leo na ndo maana naandika.

Tomi ana miaka 12 sasa. Tulimchukua 2013 akiwa wa wiki nane hivi, chotara wa Jemani Shepadi na mbwa wetu hawa wa kienyeji. Tulikuwa ndo tumehamia huku Moshono, Arusha, nyumba haijapigwa hata plasta, fensi hakuna, umeme hakuna, na mume wangu ni dereva wa malori kwahiyo wiki mbili tatu niko peke yangu na mtoto mchanga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walishavunjiwa mara mbili. Aliyewahi kulala kwenye nyumba kama ile anajua, unafumba macho lakini masikio yako nje. Mimi nilianza kupata usingizi wa kweli Tomi alipofika kama miezi nane, siku alipobweka saa tisa usiku kwa ile sauti nzito ambayo hata mimi sikujua anayo, nikasikia mtu anakimbia kwenye mahindi, mabua yanavunjika kra kra kra yanaelekea kule mtoni, Tomi hakumfuata, alirudi akalala kwenye kizingiti mpaka kukakucha.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Tuseme mlinzi wa usiku ni laki na nusu kwa mwezi, kwa miaka 10 tu hiyo ni milioni 18. Huyu amefanya kazi hiyo hiyo kwa pumba na dagaa. Mtu akistaafu kazini tunasema apewe kiinua mgongo chake, akizungushwa tunalia naye, tunaona kaonewa. Basi na huyu aliyelala nje miaka yote ile, mvua yake, baridi la Arusha lake, cha kwake kiko wapi? Maana mgongo wenyewe ndo huo sa hivi hauinuki.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hili neno "uzee". Mbwa akipunguza kula, uzee. Akichechemea, uzee. Akilala mchana kutwa, uzee huo, mwache. Tukishasema hivyo tunajiona tumemaliza, hakuna tena anayeinama kumwangalia. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Miaka mitatu iliyopita Tomi alipoa ghafla, alikuwa na miaka 9, anashinda kwenye banda, ukimwita anakuja taratibu kichwa chini, na kila mtu mtaani akaniambia keshazeeka. Mi nikakubali. Ilikuwa mtoto wangu ndo aliyekuja kuniambia mama, Tomi anakojoa chai ya rangi. Nikatoka kuangalia, kweli, mkojo umekolea vile vile kama chai ya rangi.

Nikampakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Yule daktari akamfunua mdomo akanionyesha fizi, nyeupe kama karatasi, akamtoboa ncha ya sikio, akachukua tone la damu akalipaka kwenye kioo, akaliangalia kwenye hadubini afu akaniita nami nichungulie. Ndani ya chembe za damu kulikuwa na vitu viwili viwili vimebanana kama matone ya maji. Babesia. Homa ya kupe. Akapigwa sindano siku ile, na nyingine baada ya siku 14, na wiki haijaisha alikuwa yuko getini anamfukuza muuza maziwa. Ningewasikiliza wale wa uzee ningemzika na miaka yake 9, tena ningesema amekufa kwa umri wake. Kwahiyo wewe mwenye mbwa mtu mzima, akipoa kwa ghafla, yani ndani ya siku chache, huo sio uzee. Uzee hauji kwa siku tatu. Fungua mdomo wake uangalie fizi, mpekue masikioni na katikati ya vidole kule kupe wanakopenda kujificha, afu nenda kwa daktari.

(Na ile hesabu ya mwaka mmoja wa mbwa ni miaka saba ya mtu, iacheni tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California San Diego walitoa kazi yao 2020 kuhusu mbwa aina ya Labrador, wakaonyesha kwamba mbwa anakimbia sana kiumri akiwa mdogo, wa mwaka mmoja tu ni kama mtu wa miaka 30, afu baadaye mwendo unapungua. Na mbwa mkubwa anazeeka mapema kuliko mdogo, Jemani Shepadi kwenye miaka 7 au 8 keshakuwa mzee, hawa wadogo wanaweza kufika hata 15.)

Safari hii ya Tomi ni uzee kweli. Ila hata uzee una majina yake, na wa kwake unaitwa baridi yabisi, iko kwenye nyonga na magoti ya nyuma. Nilichelewa kuiona sababu mbwa hapigi kelele kwa maumivu ya hivyo. Daktari aliniambia neno moja sijalisahau, "Mtu akiumwa analalamika, mbwa anapunguza." Ukirudi nyuma ukakumbuka ndo unaona alivyokuwa anapunguza. Kwanza aliacha kuruka kwenye pickup ya baba watoto. Afu akaacha kukaa kitako, akawa ama amesimama ama amelala. Afu akawa hazunguki nyuma ya nyumba usiku, anabweka akiwa pale pale.

Asubuhi ndo utaona kila kitu. Anatanguliza miguu ya mbele, anaisimika, anatulia hapo kama anavuta pumzi, nusu ya mwili iko juu nusu iko chini, afu anajivuta na kiuno, mguu wa kulia wa nyuma unatetemeka kama mtu aliyebeba ndoo mbili kapanda mlima, mara mbili mara tatu ndo anasimama. Hatua kumi za mwanzo anatembea kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Akishapata jua kidogo anachangamka. Kucha zake za nyuma zimesagika kwa juu, nilidhani anachimba, kumbe anaburuza miguu.

Hapa nina kosa ambalo lazima niliseme ili mwingine asilirudie. Nilipoona anachechemea sana, mwaka jana mwezi wa sita, baridi limepamba moto, nikachukua diklofenaki za mume wangu alizopewa za mgongo, nikampa moja kwenye ugali, kesho yake moja, kesho kutwa moja. Nilidhani dawa ya viungo ni dawa ya viungo. Siku ya nne kinyesi kikatoka cheusi kimenata kama lami, na akatapika kitu kama kahawa. Ile ni damu, tumbo lilikuwa limechubuka ndani. Tulimwahi, alitundikiwa dripu siku mbili, akapona, lakini daktari aliniambia wazi hata figo zingeweza kuharibika. Diklofenaki, ibuprofen, hizo tunazonunua dukani kama pipi, mbwa usimpe. Na paka ndo kabisa, kidonge kimoja cha panadoli kinaweza kumuua. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kuna meloxicam kwa kipimo chake cha kilo, kuna carprofen, ila aandike daktari baada ya kumpima, na ukiona anatapika au anaharisha unaacha siku hiyo hiyo unampigia.

Dawa Tomi anapata, ila kwa kweli kilichombadilisha zaidi ni vitu vya bure. Kwanza unene. Mi nilikuwa nampima upendo kwa sufuria, mbwa hatembei tena lakini chakula ni kile kile cha kijana, akawa tipwatipwa, kiuno hakionekani, na kila kilo ya ziada inabebwa na magoti yale yale mabovu. Kuna utafiti ulifanyika Marekani kwa Labrador 48, nusu yao walipewa robo pungufu ya chakula cha wenzao maisha yao yote, matokeo yakatoka 2002, wale waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Nilivyosikia hiyo nikapunguza ugali nikaongeza dagaa kidogo na mboga, ndani ya miezi minne ukimpapasa mbavu unazihesabu bila kubonyeza, na ndivyo inavyotakiwa.

Pili sakafu. Tulipomalizia nyumba tukaweka tailizi mpaka barazani, zinang'aa, tukafurahi, kumbe kwa Tomi ni kama kutembea kwenye matope. Miguu ya nyuma inaachana kila mmoja na upande wake. Nikakata kapeti bovu vipande, nikatandika kutoka banda lake mpaka kwenye maji mpaka getini, wageni wanaona uchafu, na waone. Kitanda chake ni godoro kuukuu nimelishonea viroba, nimeliinua na mbao lisiguse simenti. Bakuli nimeliweka juu ya tofali mbili asiinamishe shingo. Jioni tunatembea kidogo tu, mpaka kwenye ule mgomba wa kona na kurudi, kila siku, maana ukimlaza siku nzima kwa huruma ndo anakakamaa.

Masikio nayo yamepungua, ndo maana shemeji alifika mlangoni. Wala hakumpuuza, hakumsikia akija. Watoto nimewafundisha wakimkuta amelala wasimguse ghafla, wapige mguu chini kwanza ausikie mtikisiko, maana mbwa anayeshtuliwa akiwa na maumivu anaweza kung'ata hata anayempenda, afu mkasema kawa mkali. Macho yana ukungu wa bluu, ila daktari anasema ule wa bluu wengi wanakuwa nao uzeeni na wanaendelea kuona. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haistaafu, mzee naye anachanjwa kila mwaka kama kijana.

Najua kuna wanaosema watoto wa watu wanakosa ada wewe unatibu mbwa. Nalielewa hilo, na sijamwambia mtu akope. Viroba, kapeti bovu, tofali, ugali kupungua, vyote hivyo vimenigharimu nini? Ninachokataa ni ule utaratibu wetu wa kimya kimya, mbwa akishindwa kulinda anapakiwa kwenye gari anaachwa huko mbali asikojua, au anawekewa sumu kwenye nyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini mimi hata sheria siihitaji, naongelea utu tu. Mbwa aliyetupwa anakaa pale pale alipoachwa akisubiri lile gari lirudi. Tulitendewa mema miaka 10, hiyo asante ya punda ya kurudisha mateke tunaitoa wapi?

Nina jirani, mzee mmoja wa swala tano, Tomi hamgusi kwa sababu za dini yake na mi namheshimu kwa hilo. Lakini kwenye jiwe la kona yake kuna kopo la maji, analijaza kila akirudi msikitini adhuhuri. Niliwahi kumuuliza, "Mzee wangu, shikamoo, haya maji ni ya kuku?" Akasema, "Marahaba mwanangu, hayo ya yule mlinzi wako." Akanisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno akapanda nacho, kumnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Tomi sa hivi matembezi yake yanaishia pale, anakunywa, anapumzika, tunarudi.

Ile sindano ya mwisho siikatai. Kuna siku itafika, na nikiiona nitakuwepo, kichwa chake kiwe mapajani kwangu, sio kwa mtu mwingine. Nilimuuliza daktari nitajuaje, akaniambia niweke alama kwenye kalenda kila siku mbaya, siku ambayo hakula, au hakuweza kuinuka mwenyewe, au hakutikisa mkia kwa mtu yeyote. Alama zikizidi siku nzuri, nimpigie. Kalenda iko jikoni pembeni ya friji. Julai ilikuwa na alama 11 sababu ya baridi. Agosti 5. Mwezi huu mbili, na moja kati ya hizo sina uhakika nayo maana jioni ile baba watoto alirudi safari, na Tomi alimsikia kabla yangu, sijui kwa masikio au kwa ardhi, alikuwa ameshasimama getini lori likiwa bado liko kule barabarani.