IPA ilizaliwa na safari au na biashara?

Popote inapouzwa bia ya India Pale Ale, maarufu kama IPA, utaisikia hadithi hii: Waingereza waliokuwa India walikosa bia nzuri kwa kuwa ya kawaida ilikuwa ikichacha njiani, ndipo mpika bia wa London aitwaye George Hodgson akabuni bia kali, yenye hopsi nyingi, inayostahimili safari. Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Nusu nyingine inanikera, maana inaficha kile hasa kilichoipa bia hii tabia yake.

Tuanze na iliyo kweli. Hopsi ni maua ya kijani ya mmea unaotambaa juu ya kamba. Ukilisugua ua moja viganjani linaacha unga wa njano unaonata, wenye harufu kali. Humo ndimo ulimo uchungu, na uchungu huo huwazuia bakteria wanaochachusha bia. Wapika bia wa Uingereza walilijua hilo kwa mazoea, na tangu miaka ya 1760 walikuwa wakishauriwa kuongeza hopsi kwenye bia iendayo nchi za joto. Safari nayo haikuwa ya mchezo: kutoka London, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Calcutta, miezi 4 hadi 6, huku ikweta ikivukwa mara mbili.

Lakini porter, bia nyeusi waliyokunywa askari, nayo ilipelekwa India kwa wingi na ikafika salama. Wala bia ya Hodgson haikuwa kali kupita nyingine. Kilevi chake kilikuwa asilimia 6 na ushei, kiwango cha kawaida kwa zama zile. Alichowazidi wenzake ni mahali na mkopo. Kiwanda chake kilikuwa Bow, mashariki mwa London, jirani na gati za meli za Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara na India, na manahodha waliruhusiwa kulipa hata baada ya miezi 18. Alichowauzia hakikuwa kipya pia. Ilikuwa aina ya bia ya dhahabu ya Oktoba, ambayo zamani ilipikwa kwenye mashamba ya matajiri na kulazwa pipani mwaka mmoja au miwili ndipo inyweke. Joto na msukosuko wa bahari viliiivisha kwa miezi michache tu. Hapo ndipo ninapoona sifa ya safari: haikuzaa bia mpya, iliipika upya ya zamani.

Warithi wa Hodgson walipobana mikopo, Kampuni ilitafuta mpika bia mwingine. Mwaka 1822 ikamgeukia Samuel Allsopp wa mji wa Burton, Uingereza, ambaye soko lake la Urusi lilikuwa limefungwa na ushuru. Inasimuliwa kwamba mtu wake, Job Goodhead, alipika sampuli ya kwanza ndani ya birika la chai. Maji ya Burton yana jasi nyingi, madini meupe yatumikayo kutengeneza plasta, na jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi mdomoni. Burton ikaishinda London kwa maji yake.

Jina lenyewe lilikuja baadaye, kwenye matangazo ya wauzaji. Tangazo la mwaka 1829 katika gazeti la Sydney, Australia, tayari linataja bia ya aina hiyo kwa jina la East India.

Sasa Marekani. Hopsi ya Cascade, yenye harufu ya balungi, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kikaitumia kwenye Liberty Ale mwaka 1975, na kiwanda cha Sierra Nevada kikafuata mwaka 1980. Wanaosema bia hii ya Marekani ni IPA halali wana hoja nzito: kuloweka hopsi kwenye bia ambayo hamira imekwisha kuifanyia kazi, ufundi wanaojivunia Wamarekani, ndivyo walivyofanya Waingereza walipotia hopsi kwenye mapipa ya India. Hoja hiyo naikubali.

Ninachokikataa ni picha ya meli kwenye lebo ya bia nzito ya ukungu iliyoanzia Vermont, jimbo la Marekani, yenye uchungu kidogo na harufu ya embe, ambayo wapikaji wenyewe wanahimiza inywewe ndani ya wiki chache. Ni bia nzuri, na ladha yake inastahili heshima. Ila harufu ya hopsi ndiyo hutoweka kwanza bia ikikaa, na uchungu nao hupungua. Bia iliyomiminwa kwenye bilauri kule Calcutta ilikuwa kavu, imetulia, na yaelekea ilibeba kazi ya hamira ya porini iliyojificha kwenye mbao za mapipa, ile ambayo Claussen wa maabara ya Carlsberg aliitambua mwanzoni mwa karne ya 20 katika bia za Kiingereza zilizolazwa muda mrefu. Anayetaka kuionja leo ajaze pipa la mti, aongeze hopsi, alifunge, na asilifungue kabla ya mwaka.